Somo la Wiki: Mteja Akipiga Kelele, Mwenye Hisa Atazame Nini?

Mwenye duka la rejareja akiamka asubuhi akahamisha sukari kutoka karibu na mlango akaipeleka nyuma, na mahali pa sukari akaweka sabuni ya kuogea, mteja wa miaka kumi ataingia, atasimama, atashangaa. Mmoja atauliza kwa upole. Wa pili atagomba. Wa tatu hatasema neno. Atatoka na kuvuka barabara kwenda duka la pili. Jioni mwenye duka akihesabu fedha atawakumbuka wale wawili waliosema, ilhali aliyemtia hasara ni yule wa tatu.

Katika biashara ya intaneti, duka ni tovuti na mlango wake ni ukurasa wa mbele. Kampuni inapobadili ukurasa huo bila mteja kuomba, kelele huanza saa ile ile. Watu hutia saini za malalamiko, watu maarufu husema wamehama, magazeti huandika, na bei ya hisa hutikisika. Mwekezaji mdogo hubaki na swali moja: auze, au angoje?

Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana. Ya kwanza husema kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Ya pili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Zote mbili ni za kweli, kila moja kwa wakati wake. Kazi ya mwekezaji ni kujua ni ipi inayohusika na kampuni aliyoweka fedha zake. Somo la wiki hii linapitia kampuni nne zilizobadili sura ya mbele ya biashara zao, na yaliyowapata wenye mali.

KWA NINI MTEJA HUKASIRIKA

Kabla ya kuingia katika mifano hiyo, ni vema kuelewa chanzo cha hasira. Mtu anayetumia tovuti kila siku haisomi tena. Mkono wake unajua pa kwenda kama unavyojua mahali pa kiberiti gizani. Mabadiliko humnyang'anya mazoea hayo na kumrudisha darasani bila malipo. Hasira ya namna hii mara nyingi hupoa baada ya wiki chache, mkono unapozoea upya.

Ipo hasira ya pili, nayo ni nzito zaidi. Hii huja pale mteja anapoona kwamba kitu alichokuwa nacho kimechukuliwa akapewa mwingine: nafasi yake ukurasani imepewa mtangazaji, sauti yake imepewa kampuni kubwa, au marafiki zake wamechanganywa na wageni. Hasira hiyo haiponi kwa kuzoea. Ndiyo maana mwekezaji asiishie kuuliza watu wangapi wamekasirika. Aulize pia wamekasirikia nini.

DIGG: MLANGO ULIOFUKUZA WENYEJI

Digg ilianzishwa Marekani mwaka 2004, na mwanzilishi aliyejulikana zaidi ni Kevin Rose. Kazi yake ilikuwa rahisi kueleza. Watumiaji walileta viungo vya habari walizozipenda, wenzao wakapiga kura ya kuzipandisha au kuzizika, na zilizopata kura nyingi zikapanda ukurasa wa mbele. Kampuni haikuwa na waandishi. Bidhaa yote ililetwa na wateja wenyewe, tena bila ujira.

Mwezi Agosti 2006 gazeti la BusinessWeek lilimweka Rose katika jalada lake, likimtaja kuwa kijana aliyejipatia dola milioni 60 kwa muda wa miezi 18. Fedha hizo zilikuwa za makadirio tu, kwani hapakuwa na mtu aliyezilipa. Mwaka 2008 palikuwa na mazungumzo ya kuiuzia Google kampuni hiyo kwa bei iliyoripotiwa kuwa kiasi cha dola milioni 200, lakini biashara hiyo haikukamilika.

Tarehe 25 Agosti 2010 Digg ilifungua tovuti mpya kabisa, iliyokuwa toleo la nne. Kitufe cha kuzika habari mbaya kiliondolewa. Magazeti na makampuni ya habari yaliruhusiwa kuingiza habari zao moja kwa moja, bila mtumiaji kuzileta. Mitambo nayo ilikuwa mipya na ililemewa mara kwa mara, hata tovuti ikawa haifunguki. Wenyeji waliojenga ukurasa wa mbele kwa kura zao waliona wamegeuzwa watazamaji.

Tarehe 30 Agosti watumiaji waliitana kuiacha tovuti hiyo. Kabla ya kuondoka walitumia kura zao kuujaza ukurasa wa mbele wa Digg viungo vya mshindani wake, Reddit. Mwenye duka alishuhudia mlango wake mwenyewe ukibandikwa matangazo ya duka la jirani.

Kampuni ilijaribu kurekebisha. Mkurugenzi mpya aliajiriwa, na baadhi ya vitu vilivyoondolewa vikarudishwa. Lakini mwezi Oktoba 2010 Digg ilipunguza zaidi ya theluthi ya wafanyakazi wake. Mwezi Julai 2012 iliuzwa vipande vipande. Kwa mujibu wa taarifa za wakati huo, jina, tovuti na mitambo vilikwenda kwa kampuni ya Betaworks kwa kiasi cha dola 500,000; hataza zikanunuliwa na LinkedIn kwa karibu dola milioni 4; na wengi wa wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na kampuni ya Washington Post kwa mapatano ya dola milioni 12. Jumla haikufika dola milioni 17, ilhali wawekezaji walikuwa wameingiza kiasi cha dola milioni 45 kwa miaka yote.

Si sahihi kusema ukurasa wa mbele peke yake uliiua Digg. Facebook na Twitter zilikuwa tayari zinawavuta watu, na Digg ilikuwa imeanza kupungukiwa kabla ya Agosti 2010. Lakini mabadiliko yale yaliwapa watu waliokuwa wakisitasita sababu ya kuhama kwa siku moja. Jirani aliyewapokea, Reddit, aliingia soko la hisa la New York tarehe 21 Machi 2024 kwa dola 34 kwa hisa.

FACEBOOK: KELELE ZA MLANGO

Mfano wa pili ni kinyume chake. Tarehe 5 Septemba 2006 Facebook ilibadili ukurasa wake wa mbele. Badala ya mtumiaji kumtembelea rafiki mmoja mmoja, habari za marafiki wote zilianza kumiminika mahali pamoja. Watu walishtuka. Walisema wanapelelezwa. Katika siku chache wanachama laki kadhaa walijiunga katika vikundi vya kupinga, wakati kampuni nzima ilikuwa na wanachama wasiozidi kiasi cha milioni 10.

Mark Zuckerberg aliomba radhi kwa maandishi tarehe 8 Septemba. Kampuni iliongeza njia za mtumiaji kuchagua kipi kionekane na kipi kifichwe. Lakini ukurasa wenyewe haukuondolewa.

Sababu ya ujasiri huo ilikuwa katika hesabu. Waliokuwa wakipinga walikuwa wakifungua kurasa nyingi kuliko walivyofanya kabla. Mwezi Agosti 2006 watumiaji walitazama kurasa bilioni 12. Mwezi Oktoba walitazama bilioni 22. Tena vikundi vya upinzani vilikua haraka kwa sababu ukurasa mpya ndio uliowaarifu watu kwamba marafiki zao wamejiunga navyo. Midomo ilisema hapana, mikono ikasema ndiyo.

Miezi michache tu kabla ya hapo Yahoo ilikuwa imetaka kuinunua Facebook kwa dola bilioni 1, na Zuckerberg akakataa. Mwenye mali aliyesikia zile kelele akaogopa, akauza, angepoteza utajiri mkubwa sana.

MARKS & SPENCER: GHARAMA YA KUSAJILI UPYA

Mfano wa tatu ni wa duka halisi lenye hisa katika soko la London. Kwa miaka kadhaa tovuti ya Marks & Spencer ya Uingereza iliendeshwa juu ya mitambo ya Amazon. Mwezi Februari 2014 kampuni ilifungua tovuti yake yenyewe, iliyogharimu pauni milioni 150. Ukurasa wa mbele ulifanana na jarida la mitindo, wenye picha kubwa na makala. Pamoja na hayo, wateja wa zamani walitakiwa kujisajili upya.

Hapa hapakuwa na maandamano wala saini. Wengine walilalamika kwamba hawaoni walichokuja kununua. Wengine hawakujisajili kabisa. Taarifa ya robo mwaka iliyoishia tarehe 28 Juni 2014 ilionyesha mauzo ya mtandaoni yameshuka kwa asilimia 8.1. Kampuni ilieleza kwamba wateja wanahitaji muda wa kuizoea tovuti mpya.

Maelezo hayo hayakuwa ya uongo, kwani katika robo ya kwanza ya mwaka 2015 mauzo ya mtandaoni yalirudi kupanda. Ila safari haikuwa nyoofu. Wakati wa Krismasi ya 2014 mauzo hayo yalishuka tena, safari hii kwa sababu ghala kubwa la kupelekea bidhaa lilishindwa kuhimili wingi wa maagizo. Mwekezaji aliyelaumu tovuti kwa kila punguzo alikosea hesabu. Kila pungufu lina chanzo chake, na ni lazima kila kimoja kipimwe peke yake.

SNAP: BEI ILIYOJENGWA JUU YA MATUMAINI

Mfano wa nne ndio unaomgusa zaidi mnunuzi wa hisa. Snap, kampuni yenye programu ya Snapchat, iliingia soko la New York tarehe 2 Machi 2017 kwa dola 17 kwa hisa, na siku hiyo ikafunga dola 24.48. Hisa zilizouzwa kwa umma hazikuwa na haki ya kupiga kura. Waasisi wawili, Evan Spiegel na Bobby Murphy, walibaki na uamuzi wote mikononi.

Mwezi Novemba 2017, baada ya robo mwaka dhaifu, Spiegel alitangaza kwamba programu itapangwa upya ili iwe rahisi kwa watu wengi zaidi. Alionya wazi kwamba mabadiliko hayo yanaweza kuivuruga biashara kwa muda mfupi. Katika mpango mpya, mazungumzo na picha za marafiki ziliwekwa upande mmoja, na habari za makampuni na watu maarufu upande wa pili.

Tarehe 6 Februari 2018 kampuni ilitoa hesabu nzuri: watumiaji milioni 187 kwa siku. Kesho yake hisa ilipanda kwa karibu nusu ya bei yake na kufunga zaidi ya dola 20. Wiki hiyo hiyo sura mpya ilianza kuwafikia watu wengi, na hasira ikalipuka. Malalamiko ya kutaka sura ya zamani yalipata saini zaidi ya milioni 1.2. Tarehe 21 Februari Kylie Jenner, mwenye mamilioni ya wafuasi, aliandika akiuliza kama kuna mwingine ambaye hafungui tena Snapchat. Kesho yake hisa ilishuka kwa asilimia 6, na thamani ya kampuni ikapungua kwa kiasi cha dola bilioni 1.3.

Mwekezaji mtulivu angeweza kupiga hesabu hivi: saini milioni 1.2 katika watumiaji milioni 187 ni chini ya asilimia 1. Hizo ni kelele za mlango. Na taarifa ya tarehe 1 Mei 2018 ilionekana kumuunga mkono, kwa sababu watumiaji walikuwa wameongezeka hadi milioni 191. Lakini siku iliyofuata hisa ilianguka kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa nini?

Jibu lilikuwa ndani ya maelezo. Hesabu ya milioni 191 ilikuwa wastani wa miezi mitatu. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba mwezi wa Machi, ambao ndio wa mwisho, watumiaji walikuwa chini ya wastani huo. Aliyesoma kichwa cha habari aliona ongezeko. Aliyesoma mpaka mwisho aliona maji yameanza kukupwa. Robo iliyofuata watumiaji walikuwa milioni 188, na kushuka huko kulikuwa kwa kwanza tangu kampuni ianze kutoa hesabu. Robo ya tatu walifika milioni 186.

Kutoka milioni 191 hadi 186 ni pungufu la asilimia 2.6 tu. Mapato nayo yalikuwa yakipanda. Hata hivyo, mwezi Desemba 2018 hisa iliuzwa chini ya dola 6. Aliyenunua hisa 100 baada ya shangwe ya Februari kwa zaidi ya dola 2,000 alibaki na mali isiyofika dola 600. Ni kweli kwamba soko zima la Marekani lilishuka mwezi huo, na kwamba Instagram ilikuwa imewapokonya wateja tangu ilipoanzisha huduma inayofanana mwaka 2016. Lakini msingi ni huu: bei ya Snap haikujengwa juu ya faida, kwa kuwa kampuni ilikuwa ikipata hasara. Ilijengwa juu ya matumaini kwamba watumiaji wataongezeka kila robo. Ongezeko liliposimama, nguzo iliondoka.

Kampuni ilianza kurudisha baadhi ya mambo mwezi Mei 2018. Mwezi Oktoba, katika waraka wa ndani uliochapishwa na vyombo vya habari, Spiegel alikiri kwamba walikwenda haraka mno. Robo ya kwanza ya 2019 watumiaji walirudi kufika milioni 190, na hisa ikapanda mpaka kupita dola 80 mwezi Septemba 2021 kabla ya kuanguka tena kwa sababu nyingine. Hivyo aliyeuza kwa woga Desemba 2018 alipata hasara, na aliyesahau kuuza Septemba 2021 naye alipata yake.

VIPIMO VITANO VYA KUTUMIA

Mifano hii minne inatoa maswali matano ambayo mwekezaji anaweza kuyauliza kila anaposikia wateja wa kampuni fulani wamekasirika.

Kwanza, mikono inafanya nini? Saini na maneno ya watu maarufu ni dalili, lakini kipimo ni idadi ya watumiaji, muda wanaokaa na fedha wanazotumia. Taarifa isomwe mpaka mwisho, na ikiwezekana mwezi wa mwisho upimwe kando na wastani wa robo.

Pili, pana duka jingine ng'ambo ya barabara? Waliokasirika na Digg walikuwa na Reddit. Waliokasirika na Facebook mwaka 2006 hawakuwa na mahali pengine ambapo marafiki zao wote wangekuwepo. Hasira isiyo na mlango wa kutokea hupoa ndani ya nyumba.

Tatu, bidhaa inaletwa na nani? Pale wateja wachache wanapoleta bidhaa inayotazamwa na wengi, kuondoka kwa wachache hao ni sawa na wakulima kuacha kuleta mazao sokoni. Wanunuzi watakuja siku mbili tatu, kisha nao wataacha.

Nne, njia ya kurudi ipo? Reddit ilipobadili sura yake mwaka 2018 iliacha ile ya zamani ikiendelea kufanya kazi kwa aliyeipenda. Kampuni inayovunja daraja la nyuma kabla ya kuvuka inacheza na mtaji wa wenzake.

Tano, bei imejengwa juu ya nini, na mwenye hisa ana sauti gani? Hisa yenye faida na gawio hustahimili robo mbaya. Hisa ya matumaini hulipa adhabu mara nyingi zaidi ya kosa. Na penye hisa zisizo na kura, mwekezaji yuko mahali pamoja na mtumiaji: anaweza kulalamika au kuondoka, lakini hawezi kuamua.

Maswali haya si ya tovuti za Marekani tu. Benki inayobadili menyu ya simu, kampuni ya usafirishaji inayobadili namna ya kukata tiketi, hata muuzaji wa jumla anayehamisha stoo yake, wote hugusa mazoea ya mteja, na wote wanaweza kupimwa kwa vipimo hivi hivi.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wakurugenzi huipenda methali hiyo siku ya uzinduzi. Mwenye hisa asubiri siku ya kufunguliwa bandeji, atazame kama chini yake kuna kovu au bado kuna jeraha, ndipo aamue kununua, kushika au kuuza.